Hoteli za waomba hifadhi Uingereza: wa kwanza kuambiwa ni bibi harusi

Wa kwanza kujua kwamba hoteli ya mji imebadilishwa kazi mara nyingi sio diwani, sio mwalimu mkuu wa shule ya jirani, wala sio polisi wa zamu, ni bibi harusi. Ukumbi alishaulipia mwaka mzima kabla, kadi zimeshachapwa, keki imeshaagizwa, halafu siku moja anapigiwa simu anaambiwa samahani hela yako itarudishwa hatupokei sherehe tena, akiuliza kwanini anajibiwa tu kwamba hoteli imepata mkataba. Wa pili ni wahudumu wa baa na wasafisha vyumba wanaoambiwa zamu zao zimeisha. Wa tatu ni yeyote aliyeko kwenye grupu la Facebook la mji, na hapo ndo maneno yanaanza kutiwa chumvi, watu ni wangapi, wametoka wapi, wote wanaume, wote wametoka jela, na wakati huo basi lenyewe bado halijafika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye miji mingi ya Uingereza tangu serikali ianze kukodi hoteli kwa wingi kulaza waomba hifadhi kipindi cha korona na baada yake. Mwaka 2022 kaunsili nyingi, yaani halmashauri za miji, zililalamika hadharani kwamba zinapewa taarifa ya siku moja au zinasikia watu wakiwa wameshalala ndani. Mwaka 2023 hoteli zilipita 400 na watu waliokuwa ndani ilifika mwezi wa tisa ni kama 56,000. Zimepungua tangu hapo, mwezi wa sita 2025 walibaki kama 32,000, lakini fujo hazikupungua, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuache kuhesabu vichwa tukaanza kuangalia kitu kingine.

Mi nakaa huku, mji mdogo wa kaskazini, kazi yangu ni kuhudumia wazee na siku zangu za mapumziko naenda kutafsiri kwa watu wanaoongea Kiswahili, wengi Wakongo wa mashariki, siku nyingine Wabajuni wa visiwa vya Somalia ambao wanaulizwa maswali hadi ya majina ya samaki ili ijulikane kama kweli ni wa kule. Kwa hiyo hili jambo silisomi magazetini tu. Na nimefika mahali pa kuamini kwamba usalama wa mtaa wenye hoteli kama hii unapotea mapema sana, kwenye ule ukimya kabla mlango haujafunguliwa, na ukishapotea hapo huurudishi kwa uzio wala kwa kuongeza sekyuriti wawili getini.

Chukua kiangazi cha 2024. Tarehe 29 Julai pale Southport kijana wa miaka 17 aliingia kwenye darasa la dansi la watoto na kisu akaua wasichana watatu wadogo. Sheria ya huku inabana sana kumtaja mshtakiwa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo polisi wakanyamaza kuhusu jina, na mitandao haikunyamaza, ikaleta jina la uongo na kisa cha uongo kwamba muuaji ni muomba hifadhi aliyekuja kwa boti. Jaji aliporuhusu jina litajwe Agosti mosi ikajulikana kijana amezaliwa Cardiff. Siku tatu zilikuwa zimeshapita. Jumapili ya tarehe 4 mamia ya watu walikusanyika kwenye hoteli ya Manvers karibu na Rotherham, ndani kuna waomba hifadhi zaidi ya 200 ambao na Southport hawana uhusiano wowote, wakavunja madirisha, wakasukuma pipa la taka linalowaka moto mpaka mlangoni, wafanyakazi wa hoteli wamejifungia ndani wanasubiri. Polisi zaidi ya 50 waliumia. Siku hiyohiyo Tamworth nako hoteli ikashambuliwa, na mtu mmoja aliyeshiriki sehemu zote mbili alikula miaka 9.

Sasa jiulize kwanini hoteli. Uongo ule ulihusu mtu mmoja, wangeweza kwenda popote, wengine kweli walienda misikitini. Lakini hoteli ilikuwa tayari, yaani kwa miaka kadhaa ilikuwa jengo lenye mapazia yamefungwa katikati ya mji ambalo hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema humu wamo fulani na fulani, wametoka Sudan, wametoka Eritrea, wanasubiri kesi, msimamizi ni huyu hapa. Mahali palipoachwa bila maelezo watu watapajazia maelezo yao, na siku ya hasira wanajua pa kwenda.

Na nisieleweke kama nasema hofu yote ya wenyeji ni uongo wa mitandaoni, maana sio kweli na ukilisema hilo mbele ya mzazi wa Epping umeshampoteza. Pale Epping, Essex, kwenye Hoteli ya Bell, Julai 2025 mwanaume wa Ethiopia aliyekuwa ameingia nchini siku chache tu zilizopita alimdhalilisha kingono msichana wa miaka 14. Alishtakiwa, mwezi wa tisa akakutwa na hatia akafungwa miezi 12, halafu mwezi wa kumi magereza wakamwachia kwa makosa, polisi wakamtafuta siku mbili London mpaka wakampata, akarudishwa kwao. Mzazi wa yule binti unamwambia nini hapo? Mtu anayesema mfumo umemwangusha amesema kweli tupu, na wala haitaji kuwa mbaguzi kulisema. Mimi nina binti. Nilipoikuta habari hiyo mitandaoni nikasikia tumbo linakaza.

Lakini mle Bell walikuwa wanaume 138. Mmoja alifanya uhalifu akahukumiwa, waliobaki wakawa wanachungulia dirishani kuona waandamanaji wanawatukana wiki baada ya wiki, na kati ya waandamanaji hao wapo waliokuja na nia nyingine kabisa, watu wa makundi ya siasa kali wanaosafiri kutoka mbali, wakajificha nyuma ya mama wa Epping mwenye hoja yake. Na huyo mama alikuwa na swali jepesi tu: kabla hamjamleta mtu mtaani kwangu mnamjua kiasi gani, na mkipata taarifa ya wasiwasi mnaifanyia nini? Hilo swali halikuwa na mahali pa kulipeleka. Likaishia barabarani.

Tena angalia lilivyoishia mahakamani, mi hii ndo inanisikitisha zaidi. Kaunsili ya Epping Forest ilipoenda Mahakama Kuu haikwenda na swali la usalama kama watu wanavyodhani, ilienda na hoja ya kibali cha ujenzi, kwamba hoteli imebadilishwa matumizi bila ruhusa ya mipango miji. Tarehe 19 Agosti 2025 wakapewa zuio la muda, tarehe 29 Mahakama ya Rufaa ikalifuta, mwezi wa kumi na moja Mahakama Kuu ikakataa zuio la kudumu. Miezi mitatu ya mawakili kubishana jengo hili bado ni hoteli au sio hoteli. Mzazi aliuliza kuhusu mtoto wake akajibiwa kuhusu kibali. Na sio kosa la kaunsili, maana huo ndo mlango pekee walioachiwa wa kusikilizwa, Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani, ndo inaamua, kampuni ndo inatekeleza, mwenye hoteli ndo anapokea hela, kaunsili inabaki na shule na jipii, yaani daktari wa mtaa, na lawama.

Hela zenyewe pia ziseme. Tangu 2019 malazi yote ya waomba hifadhi yako mikononi mwa kampuni tatu, Serco, Mears na Clearsprings, mikataba ya miaka kumi. Mwanzoni makadirio yalikuwa pauni bilioni 4.5, mwezi wa tano 2025 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali, yaani kama CAG wetu, ikasema itafika bilioni 15.3. Na ikasema hoteli zimemeza asilimia 76 ya gharama za mwaka huku zikilaza asilimia 35 tu ya watu. Rudia hizo namba mbili. Waomba hifadhi wengi zaidi wanakaa kwenye nyumba za kawaida mitaani, ni nadra kusikia maandamano mbele ya nyumba zao, na hao ni wa bei rahisi. Mkataba unahesabu vitanda na usiku. Kwa hela hizo ungetegemea kila hoteli iwe na mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kazi yake ni kuwajua majirani kwa majina na majirani kumjua yeye, na mimi katika hoteli ninazozifahamu sijamwona. Nimeona walinzi. Nimeona daftari la kusaini kuingia na kutoka.

Ndani sasa. Mtu aliyeko hotelini anapewa chakula na pauni 9.95 kwa wiki, kiwango cha 2025. Nauli ya basi kwenda na kurudi mjini inaweza kula nusu yake. Kazi haruhusiwi, mpaka kesi ikae zaidi ya miezi 12 ndo anaweza kuomba ruhusa, na hapo ni kwa kazi chache zilizoorodheshwa. Sisi tuna msemo kila mtoto anaujua, mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, na watu huwa wanausema kama kumkomoa mgeni, kwamba asizoee kula bure. Mi nauona vingine siku hizi. Jembe ndo linalomtoa mgeni sebuleni likampeleka shambani ambako anakutana na watu, anajulikana ni mchapakazi au mvivu, mkweli au muongo, mtaa unampima wenyewe. Huku mgeni anakaa siku ya mia tatu bila jembe, hajulikani na mtu, na vijana watano wamesimama kwenye kituo cha basi saa nane mchana kwa sababu hawana pa kwenda wanakuwa ushahidi kwamba kuna kitu wanapanga.

Kuna dada mmoja wa Uvira, Kongo mashariki, niliitwa kumtafsiria miadi ya mkunga, ilikuwa siku ya watu kukusanyika nje. Tumekaa chumbani, dirisha limefungwa lakini sauti zinaingia, akaniuliza, "Papa, bale batu ba inje banasema nini?" Kazi yangu ni kutafsiri kila kinachosemwa bila kuongeza wala kupunguza, ndo kiapo cha kazi hii. Nilinyamaza. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamwambia wana hasira na serikali yao, ambayo ni kweli lakini sio yote, akatingisha kichwa akasema na kwao walianza hivyohivyo, walianza na serikali. Sijawahi kupata jibu la hilo mpaka leo.

Watu wanaosema haiwezekani mji mkali ukabadilika nawapeleka Glasgow. Sheria ya 1999 ilianzisha utaratibu wa kuwatawanya waomba hifadhi nje ya London, hawachagui waende wapi, na Glasgow ndo ikawa kaunsili iliyochukua wengi sana kuanzia 2000, maana ilikuwa na maghorofa marefu ambayo wenyeji walikuwa hawayataki. Wengi walipelekwa Sighthill. Maskini wakapelekewa maskini. Wenyeji wakawa wanaangalia friji mpya na makochi yanapandishwa kwa familia za kigeni wakati wao wanaomba bomba lirekebishwe miezi na miezi, na hakuna aliyekuja kuwaambia ile ni hela ya serikali kuu na sio fungu lao limechukuliwa. Hakuna mkutano wa maana, hakuna kitu. Agosti 2001 kijana Mkurdi wa Uturuki, Firsat Dag, miaka 22, akachomwa kisu usiku pale Sighthill akafa. Wakimbizi wakaandamana kudai usalama, na wenyeji nao wakatoka barabarani kusema wao ndo waliosahaulika, na ukisoma madai yao yale ya pande zote mbili unaona wanaongelea lifti zilezile na taa zilezile mbovu.

Baada ya pale ndo kazi iliyotakiwa ifanyike kabla ikafanyika baada. Makanisa, vyama vya wapangaji, shule, watu wa kaunsili na Baraza la Wakimbizi la Uskoti wakaanza kukaa pamoja na wenyeji na wageni kwenye chumba kimoja, chai, malalamiko, madarasa ya Kiingereza, watoto wanachezea timu moja. Haikuwa miujiza na haikuwa haraka. Lakini mwaka 2005 mwanafunzi mmoja wa shule ya Drumchapel na familia yake walipochukuliwa alfajiri, ni wasichana wenzake wa darasani waliosimama, wa kigeni kwa wa Glasgow, wakakomaa mpaka nchi nzima ikawajua kwa jina la Glasgow Girls. Kwenye maghorofa ya Kingsway wamama wa palepale, Waskoti watu wazima wa miaka yao, walikuwa wanaamka kabla ya jua kulinda zamu, wakiona gari la uhamiaji wanawaamsha majirani. Na tarehe 13 Mei 2021, sikukuu ya Idi, mtaa wa Kenmure, gari la uhamiaji lilipochukua wanaume wawili Wahindi watu walilizingira kwa mamia, mmoja akalala chini ya gari, karibu masaa nane wanaimba hawa ni majirani zetu waachieni, na wakaachiwa.

Unaweza usikubaliane na kuzuia gari la serikali, hilo ni jambo lingine na wapo wanaoliona ni uvunjaji sheria. Mi nachoangalia ni lile neno, majirani. Mwaka 2001 hapo hapo Glasgow lilikuwa halipo. Lilijengwa kwa sababu watu waliwekwa kwenye nyumba, ngazi moja, mtoto wako na wangu shule moja, sio kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu.

Na Glasgow hiyohiyo inafundisha upande wa pili. Wakati wa korona mwaka 2020 waomba hifadhi wengi walitolewa kwenye nyumba zao za kupanga wakahamishiwa hotelini haraka haraka. Kwenye hoteli ya Park Inn kijana wa Sudan, Badreddin Abadlla Adam, aliwasiliana mara 72 na Home Office, na Mears na shirika la kuwasaidia wahamiaji, analalamikia afya yake na mahali alipo. Mara 72. Tarehe 26 Juni akachukua kisu akachoma watu sita, waomba hifadhi wenzake, wafanyakazi wa hoteli na polisi mmoja, na polisi wakampiga risasi akafa. Sasa mtu wa ndani akipiga simu mara 72 hasikiki, na mzazi wa nje akiuliza hajibiwi, hizo kwangu sio shida mbili. Ni simu moja ambayo hakuna anayeipokea.

Watu wengi wakisikia nasema wenyeji wahusishwe wanadhani nasema wapige kura ya kukubali au kukataa. Hapana, hilo silikubali. Ukiwapa kila mji haki ya kukataa, wenye sauti na mawakili watakataa na waomba hifadhi wote watarundikwa Sighthill nyingine. Pale Lisdoonvarna, kamji kadogo ka Ireland, mwaka 2018 wenyeji waliitwa mkutanoni kuhusu hoteli kugeuzwa kituo, wakapiga kura 197 kukataa dhidi ya 15, na kituo kikafunguliwa hata hivyo. Ni njia mbaya ya kuanza kwa sababu ukimuuliza mtu swali lazima jibu lake libadilishe kitu. Ila watu wa pale baadaye walijipanga wenyewe kuwapokea wageni, na hao 197 sio kwamba walikuwa mashetani, walikuwa wanauliza daktari yuko wapi, basi liko wapi, kwanini wengi hivi kwa mpigo mmoja. Uholanzi nako, Geldermalsen, Desemba 2015 kikao cha kaunsili kuhusu kuleta watu 1,500 kwenye mji mdogo kiliishia kwa mawe na fataki, watu wakatoroshwa ukumbini na mpango ukafa.

Uholanzi hiyohiyo, Utrecht, mtaa wa Overvecht ambao nao una umaskini wake, wenyeji walikuja juu vilevile waliposikia kituo kinakuja. Lakini kaunsili ikabadilisha kituo chenyewe. Vijana wa palepale wakapangishwa vyumba kwenye jengo hilohilo, na madarasa ya Kiingereza na ya biashara yakafunguliwa kwa waomba hifadhi na majirani wakae benchi moja, wakauita Plan Einstein kwa jina la barabara. Yaani jirani maskini aliyekuwa anauliza mimi napata nini akapata kitu. Hilo ndo naliona limekosekana huku kabisa. Wenyeji wanaelezwa wawe na huruma, na huruma ni nzuri, lakini ukimpelekea mtu mzigo mpelekee na kitu mkononi, jipii wa ziada, taa za njia ya kwenda shule, uwanja wa mpira ukarabatiwe. Zipo hela za kulaza mtu hotelini, haziwezi kukosa hela za taa.

Sisi tuliokulia Tanzania tunamkumbuka mjumbe wa nyumba kumi. Najua mfumo ule ulitumika pia kuwachunguza watu na chama kikautumia kwa mambo yake, siupambi. Lakini mgeni akija kukaa kwako unampeleka kwa mjumbe, anaandikwa, anasalimiwa, na kuanzia siku ile akisumbua kuna pa kumshtaki na akisumbuliwa kuna pa kukimbilia. Pande zote mbili, na hilo la pili ndo watu wanalisahau. Wakati Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, baada ya mauaji ya Januari 2001, watu wa Shimoni waliwaelewa kabla mashirika hayajafika, walisikia kwa masikio yao na kwa lugha yao kilichotokea. Hakukuwa na mapazia. Uingereza huwezi kupata lugha moja kirahisi hivyo, ndo maana nasema alipwe mtu wa kuwa katikati, awe na ofisi, awe na simu, mwenyeji amjue na mgeni amjue.

Na nina neno na sisi wenyewe. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku nasoma meseji za kaka zangu na dada zangu wakisema hawa wa boti wanatuharibia, warudishwe wote. Jamani. Wangapi kati yetu tulijilipua miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni, tukasema tumetoka Burundi, tumetoka Somalia, tukapewa chumba na vocha, tukabeba boksi usiku mpaka makaratasi yakatoka? Sisemi kila aliyeko hotelini ana kesi ya kweli, hapana, wapo wasio nayo na waamuliwe haraka wajue hatma yao, kuwaweka watu miaka bila uamuzi ni ukatili kwao na kwa mtaa. Ila yule anayepiga kelele getini hatakuuliza ulikuja mwaka gani. Agosti 2024 wenzetu wengi walifunga maduka mapema, wengine hawakwenda kazini, na paspoti nyekundu zimo droo. Pale Liverpool siku hizo imamu wa msikiti wa Abdullah Quilliam, Adam Kelwick, alitoka nje akavuka barabara na chakula mkononi akawaendea waandamanaji, wengine wakakataa, wengine wakala wakaongea naye, wapo waliokumbatiana. Aliwaendea siku hiyohiyo, hakusubiri barua ya wizara.

Serikali imeahidi hoteli zote zitaisha kabla ya uchaguzi ujao, na Oktoba 2025 ikatangaza kambi mbili za jeshi, moja Inverness na nyingine Crowborough, watu kama 900. Wenyeji wa Crowborough wakajaa barabarani palepale wakisema hawakuulizwa. Jengo limebadilika, ukimya ni uleule, na mimi naogopa kambi kuliko hoteli kwa sababu kambi iko mbali zaidi na macho.

Kwetu hapa ulifanyika mkutano mmoja, ukumbi wa kanisa, baada ya miezi mingi ya kuomba. Niliombwa nije kutafsiri kwa wawili kutoka hotelini waliokubali kuja. Meza ya mbele wamekaa watu watano, wa kaunsili, wa polisi, wa kampuni, wengine sikushika vyeo vyao. Watu walipiga kelele kidogo mwanzoni halafu wakachoka. Kisha akanyanyuka mama mmoja, sare ya supamaketi bado mwilini, akasema yeye hana ubaya na mtu, ila anataka kujua kitu kimoja, Jumamosi saa tatu usiku akiona jambo pale nje, sio la kupiga 999, namba ya dharura, jambo dogo tu la kumtia wasiwasi, anampigia nani. Wa kampuni akaangalia wa kaunsili, wa kaunsili akasema kuna imeili inayosomwa siku za kazi. Nikawatafsiria wale wawili swali na jibu. Mmoja wao, mzee wa Baraka kule Kivu, akaniambia niwaulize na yeye, kwamba Jumamosi usiku wakirushiwa chupa dirishani kama juzi, wao wanampigia nani. Nikauliza. Yule mama wa supamaketi akageuka akamwangalia mzee kwa mara ya kwanza. Walisema swali litachukuliwa na tutajibiwa kwa maandishi, huu ni mwezi wa nne tunasubiri, namba ya Jumamosi bado hatuna.